Pasipoti ya Mgeni Isibaki Steshenari: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Njia ya Meseji na Kuifunga

Julai ni mwezi ambao ofisi yetu hailali. Tunapandisha wageni Mlima Kilimanjaro kutoka vyumba viwili hapa Moshi mjini, na msimu ukishika kasi, kila siku huingia nakala za pasipoti, bima za safari, fomu za afya na picha za vitambulisho vya NIDA vya wagumu wapya, yaani wabeba mizigo wa mlimani. Karibu zote huingia kwa simu.

Siku moja nilikwenda steshenari kuprinti orodha ya wageni waliokuwa wanaingia geti la Machame kesho yake. Kijana wa kompyuta alinigeuzia skrini nichague faili, halafu akasita. "Dada, hii si ya kwenu?" WhatsApp ya ofisi yetu ilikuwa wazi mbele yangu, yote. Mwenzangu alikuwa ameiskani pale wiki tatu nyuma akiwa na haraka, akaprinti, akalipa, akaondoka. Juu kabisa palikuwa na pasipoti ya mama mmoja kutoka Uholanzi, na chini yake maneno aliyoniandikia kuhusu dawa za presha anazotumia, jambo ambalo hata mumewe aliyekuwa anapanda naye alikuwa halijui.

Kwa miezi mingi nilikuwa nawaambia wageni watume tu bila wasiwasi, kwa sababu WhatsApp imefumbwa. Sikuwadanganya. Hakuna aliyeivunja ile meseji njiani kutoka Uholanzi mpaka Moshi. Ilifika salama, kisha sisi wenyewe tukaianika kwenye kompyuta ya watu. Tangu siku ile, mtu akiniuliza apu gani ni salama, kabla ya kumjibu namuuliza simu yake hulala wapi, nani anajua nywila yake, na anaprintia wapi. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo: kwanza njia zenyewe, maana zinatofautiana sana, halafu milango ya kila upande, ambako ndiko siri nyingi zinapovujia.

Meseji inasafirije

Fikiria unavyotuma mzigo kwa basi la Dar kutoka stendi ya Moshi. Ukimpa konda karatasi iliyoandikwa, bila bahasha, atakayeishika njiani ataisoma. Hivyo ndivyo SMS ya kawaida inavyosafiri: kampuni ya simu inaweza kuiona, na inabaki kwenye mitambo yake.

Ukiiweka karatasi kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo anao mpokeaji peke yake, konda atabeba chuma tu. Huko ndiko kufumbwa mwisho hadi mwisho. Simu yako inaifunga meseji, simu ya mwenzako inaifungua, na aliye katikati, akiwemo mwenye apu, anabeba kitu asichoweza kukisoma.

Lakini ofisi ya mizigo ina daftari. Hata kama sanduku limefungwa, limeandikwa: fulani kamtumia fulani, saa ngapi, uzito gani. Daftari hilo ni sehemu ya siri pia. Mtu akiona kwamba umewasiliana na daktari wa moyo mara sita kwa wiki, hahitaji kusoma meseji hata moja. Apu mbili zinaweza kuwa na kufuli la aina moja zikatofautiana sana kwenye daftari, na hapo ndipo WhatsApp na Signal zinapoachana.

Kuna swali la tatu ambalo wataalamu wa usalama hulipita haraka, nasi huku hatuwezi kulipita: je, unayemwandikia anayo hiyo apu? Kufuli zuri kuliko yote halina kazi ikiwa mgumu wako wa Kibosho ana kitochi, ile simu ndogo ya vitufe.

SMS: karatasi bila bahasha, lakini inafika

SMS ya kwanza ilitumwa Uingereza Desemba 1992, na mpaka leo hakuna njia ya meseji inayofika kwa watu wengi kuliko hiyo. Haihitaji bando la intaneti, haihitaji simujanja, na hupenya mahali ambapo mnara unatoa mtandao hafifu. Kwa kuita wagumu, ndiyo njia yangu ya kwanza. "Dada, mimi hizo WhatsApp sina, nipigie au niandikie meseji," ndivyo wengi wanavyoniambia, na hasa wale wazee wenye uzoefu ambao siwezi kuwakosa.

SMS moja ina herufi 160. Ukiweka emoji hata moja, nafasi inashuka mpaka herufi 70, na meseji uliyodhani ni moja inahesabiwa mbili au tatu. Unapoandikia watu 30 kwa vocha ya ofisi, hilo linaonekana.

Cha kuandika kwenye SMS ni kile ambacho ungekubali kisomwe kwa sauti ndani ya hiace: "Kesho saa 12 asubuhi getini Marangu, njoo na kitambulisho." Namba ya NIDA, namba ya pasipoti, habari za ugonjwa, PIN, hapana. Tena SMS haithibitishi aliyeituma ni nani, ndiyo maana ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" imewaliza wengi. Ukiipokea, itume 15040, namba iliyotengwa kwa ajili ya kuripoti meseji za utapeli.

WhatsApp: kila mtu yupo, na hilo ndilo linaloifanya isikwepeke

Wageni wa Ujerumani, wa Brazili, wa India, mwenye gari la kukodi, shangazi yangu Marangu, wote wako WhatsApp. Kwa upande wa kupatana, imeshinda huku kwetu na sioni ikiondolewa karibuni.

Kufuli lake ni zuri kweli. Tangu Aprili 2016 meseji, picha na simu zake zote za kawaida zimefumbwa mwisho hadi mwisho, kwa mfumo uleule uliotengenezwa na watu wa Signal. Kwa hiyo anayekwambia WhatsApp husoma meseji zako njiani amekosea.

Daftari lake ndilo pana. WhatsApp ni mali ya Meta, kampuni ya Facebook, iliyoinunua mwaka 2014. Inajua namba yako, unawasiliana na nani na lini, uko kwenye magrupu gani, unatumia simu ya aina gani. Mwanzoni mwa 2021 ilipotangaza masharti mapya ya faragha, mamilioni ya watu walihamia apu nyingine.

Shimo jingine, na kwa maoni yangu kubwa zaidi kwetu, ni nakala rudufu. Simu za Android huhifadhi gumzo za WhatsApp kwenye akaunti ya Google, iPhone kwenye iCloud. Nakala hiyo haifumbwi mwisho hadi mwisho mpaka wewe mwenyewe uwashe. Uwezo huo umekuwepo tangu Oktoba 2021, na sijakutana na watu wengi waliouwasha. Wengi wetu tulifunguliwa akaunti ya Google na muuza simu dukani, yeye ndiye aliyechagua nywila, na pengine bado anaikumbuka.

Signal: daftari karibu tupu

Signal inaendeshwa na taasisi isiyotafuta faida, iliyoundwa 2018 kwa msaada wa mmoja wa waanzilishi wa WhatsApp, Brian Acton. Haina matangazo na haiuzi taarifa zako. Mwaka 2016 mahakama huko Marekani iliitaka Signal itoe ilichonacho kuhusu watumiaji fulani. Ilichoweza kutoa ni tarehe akaunti ilipofunguliwa na tarehe ilipounganishwa mara ya mwisho. Mazungumzo, majina ya marafiki, magrupu, havikuwemo, kwa sababu havitunzwi kwa namna ambayo wao wanaweza kuvisoma.

Tangu Februari 2024 unaweza kutumia jina la mtumiaji badala ya kumpa mtu namba yako. Kwa wadada wanaofanya kazi na wageni, hili ni jambo kubwa. Mgeni anaweza kuwasiliana nawe safari nzima, asibaki na namba yako ya maisha, ile iliyofungwa na NIDA, benki na pesa za simu.

Ubaya wake ni mbili. Watu wachache wanayo, ingawa nimeona wageni wa Ujerumani na Uholanzi mara nyingi tayari wako humo. Na bando: vifurushi vingi vya mitandao ya kijamii vinataja WhatsApp, Facebook na Instagram kwa majina. Soma orodha kabla hujanunua. Signal isipokuwemo, itakula bando lako la kawaida. Kwa maandishi ni kidogo sana, kwa simu za video utaumia.

Telegram: mtu asikudanganye

Hapa natamani kila msomaji apunguze mwendo. Watu wengi wananiambia, "Hiyo ya siri nitumie Telegram." Gumzo za kawaida za Telegram hazijafumbwa mwisho hadi mwisho. Zinakaa kwenye seva za Telegram, na ufunguo wanao wao. Kuna kitu kinaitwa gumzo la siri, ambalo limefumbwa, lakini lazima ulifungue mwenyewe kwa mtu mmoja mmoja, na halipo kabisa kwa magrupu. Mwaka 2024, baada ya mwanzilishi wake Pavel Durov kukamatwa Ufaransa mwezi Agosti, Telegram ilibadilisha masharti yake na kusema itatoa namba za simu na anwani za intaneti za watumiaji kwa maombi halali ya kisheria.

Kama chombo cha kusambaza habari ni kizuri: grupu linachukua watu mpaka 200,000, faili kubwa zinapita. Naitumia kufuata matangazo. Pasipoti ya mtu siipitishi humo.

Mgeni mwenye iPhone na meseji zinazopotea

Wamarekani wengi hawatumii WhatsApp nyumbani kwao. Wanafungua programu ya meseji ya iPhone na kuandika. Kati ya iPhone na iPhone, meseji hiyo hupita iMessage, ambayo Apple iliianzisha 2011, nayo imefumbwa mwisho hadi mwisho. Mapovu yake ni ya bluu. Ikija kwenye Android yako, inageuka SMS ya kimataifa: povu la kijani, bila kufuli, na picha mara nyingi hazifiki. Mgeni anadhani ametuma pasipoti, wewe hujaona kitu, na siku zinakwisha.

Kuna njia mpya, RCS, iliyokuja kuchukua nafasi ya SMS. Kwenye programu ya meseji ya Google, Android kwa Android, inafumba na utaona alama ya kufuli. Apple iliingiza RCS kwenye iPhone kuanzia iOS 18, Septemba 2024, lakini inategemea kampuni ya simu ya kila upande. Kanuni yangu ni fupi: usipoona kufuli kwenye gumzo hilo, lihesabu kuwa SMS.

Kwa hiyo kwenye barua pepe ya kwanza kabisa kwa mgeni wa Marekani, andika: "Tafadhali weka WhatsApp au Signal kabla ya safari, meseji za kawaida za iPhone hazitufikii vizuri." Sentensi hiyo imetupunguzia usumbufu mwingi.

Na kama wewe ndiye uliyekuwa na iPhone ukahamia Android, zima iMessage kwenye ile simu ya zamani kabla ya kuitoa laini. Usipofanya hivyo, rafiki zako wenye iPhone wataendelea kukutumia meseji zinazokwenda kwenye simu usiyokuwa nayo. Apple wana ukurasa wa kuitoa namba yako hata kama simu umeshaiuza.

Messenger ya Facebook, kwa kifupi: tangu Desemba 2023 imeanza kufumba gumzo za watu wawili bila kuombwa. Gumzo na kurasa za biashara ni jambo jingine, hivyo mgeni anayeandika kwenye ukurasa wetu namhamisha mapema.

Hatua ya 1: Andika nani na nini

Chukua karatasi. Upande mmoja andika watu unaowasiliana nao, upande mwingine kitu kizito kuliko vyote unachopitisha kwao. Sisi tulipata makundi manne. Wagumu wenye kitochi: saa, geti, malipo yako tayari. Waongozaji na madereva: ratiba, namba za gari. Wageni: pasipoti, afya, bima. Familia: michango, misiba, safari ya Desemba. Baada ya hapo apu ilijichagua yenyewe: SMS kwa kundi la kwanza, WhatsApp kwa la pili na la nne, na Signal kwa karatasi za wageni, au WhatsApp iliyofungwa kama ninavyoeleza hapo chini kwa asiyetaka Signal.

Hatua ya 2: Funga laini kabla ya apu

Apu hizi zote zimesimama juu ya namba yako. Anayeishika laini yako anapokea kodi, yaani zile tarakimu za SMS za kufungulia akaunti.

Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa kampuni husika ikafutwe. Halafu weka PIN ya laini yenyewe, tofauti na ya simu: iko kwenye Mipangilio, sehemu ya usalama, kufunga laini. Bila hiyo, mwizi hahitaji kufungua simu yako; anachomoa laini, anaichomeka kwenye kitochi chake, anaomba kodi. Ulizia kwanza PIN ya awali ya mtandao wako, maana ukikosea mara tatu laini inajifunga na utatafuta PUK, namba ya kuifungulia.

Na kodi ya tarakimu sita haisomewi mtu. Atakupigia akijiita wakala, au grupu la kanisa, au rafiki yako ambaye akaunti yake imeshaibwa: "Nimetuma kodi kwako kwa bahati mbaya, nisomee." Kata simu.

Hatua ya 3: Funga WhatsApp

Menyu nitazitaja kwa Kiswahili. Simu yako ikiwa kwa Kiingereza, ziko mahali palepale.

Anza na Vifaa Vilivyounganishwa. Gusa vidoti vitatu juu, fungua orodha, isome. Akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa vinne zaidi ya simu yenyewe, na kila kimoja kinaonyesha mara ya mwisho kilipotumika. Usichokitambua, kigonge, kitoe. Mimi hufanya hivi kila Ijumaa jioni kabla ya kufunga ofisi, na nilipoanza nilikuta viwili: ile ya steshenari, na kompyuta ya mfanyakazi aliyeacha kazi mwaka uliotangulia.

Kisha Mipangilio, Akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili. Weka PIN ya tarakimu sita na barua pepe ya kuirudishia. Hata mtu akiipata kodi yako ya SMS, atakwama hapo.

Kisha nakala rudufu: Mipangilio, Gumzo, nakala ya gumzo, na humo washa kufumba mwisho hadi mwisho. Utachagua nywila au ufunguo wa tarakimu 64. Andika kwa kalamu, weka pamoja na hati za kiwanja. Ukiisahau, WhatsApp hawawezi kukusaidia, na historia yote imekwenda.

Sasa lile ambalo wengi hatulifikirii: picha. WhatsApp ikiachwa ilivyo, kila picha inayoingia huangukia kwenye galari ya simu, na kutoka galari inaweza kupanda yenyewe kwenye picha za Google. Pasipoti ya mgeni inakaa kati ya picha za ubatizo. Mtoto akichukua simu kuangalia katuni, anaipita kwa kidole. Nenda Mipangilio, Gumzo, uzime kuonekana kwa picha kwenye galari. Na kwenye sehemu ya data, zima kupakua zenyewe. Utaokoa na bando.

Mwisho, washa meseji zinazotoweka kwa gumzo za wageni. Kuna saa 24, siku 7 na siku 90. Tunatumia 90, kwa sababu mgeni huanza kuuliza Aprili na kupanda Julai, na karatasi tunazolazimika kutunza tunazihamishia kwenye kabati la ofisi lenye ufunguo.

Hatua ya 4: Signal kwa karatasi nzito

Pakua Signal kutoka duka rasmi la apu, sajili kwa laini ya ofisi, weka PIN. Nenda Mipangilio, Faragha, Namba ya simu: chagua mtu yeyote asiione namba yako, wala asikupate kwa namba. Tengeneza jina la mtumiaji. Litamalizikia na tarakimu angalau mbili. Tuma jina hilo kwa mgeni kupitia barua pepe. Washa kufungwa kwa usajili ili laini yako ikihamishwa, akaunti isihame nayo. Weka muda wa kutoweka kwa gumzo zote mpya, wiki nne ni wa kutosha.

Jua mapema kwamba Signal haitachukua historia yako ya WhatsApp, na ukipoteza simu bila kuwasha nakala rudufu yake, unaanza upya. Kwa pasipoti za watu, naona hiyo ni heri.

Hatua ya 5: Kuprinti bila kuacha alama

Hapa ndipo tulipoangukia sisi. Steshenari wana mazoea ya kusema, "Nitumie WhatsApp nikuprintie." Kwao ni wema na haraka. Lakini faili lako sasa liko kwenye simu yao, kwenye kompyuta yao, kwenye folda ya vilivyopakuliwa, pamoja na vyeti vya kuzaliwa na mikataba ya viwanja ya nusu ya mji.

Beba flashi. Weka faili unalolihitaji tu, lichapishwe moja kwa moja kutoka kwenye flashi, na kabla ya kuondoka omba kwa upole uangalie kama limebaki popote. Ukilazimika kuskani WhatsApp pale, usinyanyuke kwenye kiti kabla hujaitoa kutoka kwenye simu yako mwenyewe, siyo kufunga dirisha tu. Sisi baada ya ule mkasa tulinunua printa ndogo. Wino ni ghali, na bado sijajuta.

Fundi simu ni mlango uleule. Kioo kikipasuka usimpe nywila. Kubadilisha kioo hakuhitaji mazungumzo yako. Akisema anataka kujaribu mguso, kaa hapo hapo ufungue mwenyewe.

Hatua ya 6: Magrupu

Kwenye grupu la WhatsApp, kila aliyemo anaiona namba yako, na kufuli haliwezi kukulinda na mtu aliye ndani. Grupu la wagumu lenye watu 180 ni mkutano wa hadhara. Tulikuwa tunatuma humo orodha ya malipo yenye majina na namba za NIDA. Tuliacha, nikawaomba radhi mmoja mmoja.

Zuia wasiokufahamu wasikuingize kwenye magrupu: Mipangilio, Faragha, Magrupu, chagua majina uliyohifadhi. Admini apitie orodha kila baada ya msimu na kuwatoa walioondoka na zile namba zilizobadilisha mwenye. Laini isiyotumika muda mrefu huuzwa upya kwa mtu mwingine, na huyo mtu mpya huenda bado ni "Baba Praygod" kwenye simu zenu zote.

Hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ofisi inayokusanya taarifa za watu, hata ndogo kama yetu, inatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Hatua ya 7: Hakikisha ni yeye

Kabla ya kumpa mgeni namba ya akaunti ya kulipia, au kupokea mabadiliko ya malipo, linganisha namba ya usalama. WhatsApp na Signal zote zinayo: fungua jina la mtu, utaona tarakimu 60 na mraba wa kuskani. Mkikutana hotelini, skani. Mkiwa mbali, msomeane kwa simu ya sauti tarakimu chache za mwanzo na za mwisho. Ikitokea apu inakwambia namba ya usalama ya mtu imebadilika, mara nyingi amebadilisha simu tu. Mpigie umsikie sauti.

Hatua ya 8: Mlimani, na siku intaneti inapokufa

Agosti 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa kambi ya Horombo, mita 3,720, na sasa wageni hutuma picha wakiwa mlimani. Lakini njia zote si sawa, na kuna mabonde yasiyo na kitu. Kwa dharura tunaandika SMS kwanza, WhatsApp baadaye, kwa sababu SMS ikipata hata dakika moja ya mtandao inapita. Tumekubaliana maneno mafupi: jina la kambi, namba ya kundi, na hali kwa rangi. Ugonjwa hautajwi kwa jina la mgeni.

Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, WhatsApp, Signal na Telegram zote zilikuwa sawa: kimya. Tangu hapo kila mgeni anaondoka kwao akiwa na namba yetu ya kupigia kwenye karatasi, nasi tuna ya ndugu yake. Karatasi hizo ziko kwenye lile kabati la ufunguo.

Hatua ya 9: Simu ikipotea

Tumebandika mpangilio huu ndani ya mlango wa kabati, kwa mwandiko mkubwa, maana siku hiyo akili haitulii.

Piga 100 kwa simu ya mtu mwingine wa mtandao wako, laini ifungwe, na pesa za simu zifungwe. Ingia akaunti yako ya Google au Apple kwenye simu nyingine, funga simu iliyoibwa kwa mbali, na kama ina karatasi za wageni ifute kabisa. Nenda polisi uchukue taarifa ya upotevu. Nenda na kitambulisho na kidole chako urudishiwe laini. Isajili WhatsApp kwenye simu mpya mara moja, hapo ile ya mwizi inatoka yenyewe, pamoja na kompyuta zilizounganishwa. Signal vilevile.

Kisha waandikie wageni wote waliokuwa na karatasi kwenye simu ile, siku hiyohiyo, uwaeleze kilichopotea. Yule mama wa Uholanzi nilimwandikia jioni ileile niliyotoka steshenari. Alijibu baada ya saa moja, akauliza maswali matatu, akaniomba nifute fomu yake mbele ya kamera ya simu. Nikaifuta akitazama, halafu tukaendelea kupanga Machame.